Kabla Hujatia Saini: Bima ya Uzembe wa Kitabibu kwa Daktari Mgeni Marekani

Mwenzangu uliyemaliza mafunzo ya ubingwa na sasa umeshika mkataba wako wa kwanza wa ajira hapa Marekani, najua macho yako yalianzia wapi: kwenye mshahara, kisha zamu za usiku, kisha viza. Nami nilisoma hivyo hivyo. Kwenye ukurasa wa 11 palikuwa na aya fupi iliyosema kwamba mwajiri atagharimia bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayokusimamia mgonjwa akikushtaki kwa uzembe, "kwa muda wote wa ajira", nami niliipitia juu juu kwa kuwa ilionekana kuwa habari njema. Miaka minne baadaye, nilipohamia jimbo jingine, maneno hayo yalinigharimu dola 31,000.

Bima za madaktari hapa ni za namna mbili. Namna ya kwanza huangalia siku ya tukio: ukimtibu mgonjwa ukiwa na bima, basi hata akikushtaki miaka mitatu baada ya wewe kuhama, bima ile ile ndiyo itakayokusimamia. Namna ya pili, ambayo ndiyo imeenea zaidi, huangalia siku dai lilipowasilishwa, kwa hiyo dai likija baada ya bima kukoma hakuna wa kulipa, ingawa siku ya tukio ulikuwa na bima halali. Ili kuziba pengo hilo, anayeondoka hununua nyongeza ambayo wenyewe huiita "mkia", na bei yake kwa kawaida huwa kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya ada ya mwaka mzima. Ada yangu ilikuwa dola 15,500. Mwajiri alikuwa ametimiza alichoahidi, kwa maana ajira ilipokwisha na wajibu wake ulikwisha. Mama wa ofisi ya utumishi alinionyesha ukurasa wa 11 kwa upole kabisa, na sikuwa na la kujibu, kwa sababu saini ilikuwa yangu.

Kwa hiyo uliza mapema, tena kwa maandishi: bima ni ya namna gani, nani atalipa mkia nikiondoka mwenyewe, nani atalipa nikiachishwa kazi, na je, kampuni ya bima inaweza kumalizana na mdai kwa fedha bila ridhaa yangu? Swali hili la mwisho wengi hulisahau. Tangu mwaka 1990 kuna hazina ya taarifa ya taifa ambamo kila malipo yanayofanywa kwa niaba ya daktari kutokana na dai la uzembe huandikwa, hata yakiwa madogo kiasi gani, na hospitali huitazama kabla ya kukuruhusu kutibu wagonjwa wake. Kampuni ikiona kwamba kumlipa mdai ni nafuu kuliko kumlipa wakili wa kukutetea, kwake hiyo ni hesabu ya kawaida, lakini kwako ni maandishi yatakayokufuata hadi ustaafu.

Walio kwenye viza ya J-1, ile ya wageni waliokuja kwa mafunzo, ambao wengi hutumikia miaka 3 katika maeneo yenye uhaba wa madaktari ili wasamehewe sharti la kurudi nyumbani, wanaweza kuangukia mahali penye nafuu. Vituo vingi vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu hukingwa na serikali yenyewe: anayedhurika huishtaki Marekani, kesi huamuliwa na jaji peke yake badala ya jopo la raia, na habari ya mkia haipo. Ila kinga hiyo haikufuati Jumamosi unapokwenda kufanya kibarua cha ziada kwenye hospitali nyingine.

Sasa nije kwenye mjadala utakaoukuta katika kila chumba cha mapumziko cha madaktari. Utaambiwa kwamba mawakili ndio wanaopandisha bima, na kwamba dawa yake ni kuweka kikomo cha fidia ya maumivu na mateso. Nilipofika niliamini hivyo neno kwa neno. Ni kweli kwamba California iliweka kikomo cha dola 250,000 mwaka 1975, baada ya madaktari wa usingizi kugoma kwa sababu ya kupanda kwa bima, na kiwango hicho hakikuguswa hadi sheria iliporekebishwa mwaka 2022. Ni kweli pia kwamba Texas ilifuata mwaka 2003 na ada za madaktari zikashuka. Lakini waliokuwepo mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakueleza na upande wa pili. Katika miaka ya 1990 kampuni za bima zilishindana kwa kushusha bei, zikitegemea faida ya hati fungani. Riba iliposhuka huku malipo ya madai yakipanda, bei ziliruka ghafla, na mwishoni mwa 2001 kampuni ya St. Paul, mojawapo ya wauzaji wakubwa kabisa wa bima hii, ikajitoa sokoni. Madaktari wasiowahi kushtakiwa walipandishiwa ada sawa na wengine. Kwa jumla ada yako hupangwa kwa kuangalia ubingwa wako na eneo unalofanyia kazi, hivyo usitarajie punguzo kubwa kwa sababu tu wewe ni mwangalifu. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kikomo kina mtu wa kukilipia. Mhandisi aliyepooza kwa kosa la upasuaji hudai mshahara wa miaka ishirini, na fedha hizo hazina kikomo. Mtoto mchanga, bibi wa miaka themanini, au mama anayelea watoto nyumbani hana mshahara mkubwa wa kuonyesha; kinachobaki kudaiwa ni maumivu yenyewe, na hayo ndiyo yaliyowekewa kikomo. Wakili hapa hulipwa sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja, tena akishinda tu, na kabla ya hapo huwa amelipa mashahidi wataalamu kutoka mfukoni mwake. Akikokotoa akaona hesabu haikai sawa, hukataa kesi, na mgonjwa hurudi nyumbani na jeraha lake. Utafiti wa Harvard uliopitia majalada ya wagonjwa waliolazwa New York mwaka 1984 ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila mia alidhurika kwa uzembe, na kwamba wengi wa hao hawakudai chochote, ilhali wengi waliodai hawakuonekana kudhuriwa na uzembe. Siku hizi nikiulizwa maoni yangu husema kwamba mfumo unawakosa walioumia na kuwanasa wasiohusika, na kwamba kikomo cha fidia hakigusi tatizo lolote kati ya hayo mawili.

Utashtakiwa? Pengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba kila mwaka asilimia 7.4 ya madaktari walipata dai. Kwa wapasuaji wa ubongo ilikuwa asilimia 19.1, kwa madaktari wa akili asilimia 2.6. Madai mengi huisha bila malipo yoyote. Kinachoyaamua, mara nyingi kuliko unavyodhani, ni faili.

Daktari mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na kesi inayoteteka vizuri. Mgonjwa wa maumivu ya kifua alikataa kulazwa, akaelezwa hatari, akaondoka, akafariki. Daktari hakuwa ameandika kwamba alimweleza hatari. Akaingia kwenye mfumo na kuongeza sentensi moja, ya kweli kabisa. Wakili wa familia aliomba orodha ya mienendo ya faili, ambayo kompyuta huitunza yenyewe bila mtu kuigusa, na ndani yake kulikuwa na mstari ulioonyesha maneno tisa yaliyoongezwa saa 5:40 usiku, siku mbili baada ya kifo. Kesi haikufika mbele ya jopo, kampuni ililipa. Ukisahau jambo, liongeze kama nyongeza, kwa tarehe ya siku unayoiandika, ukieleza kwamba unaandika baadaye. Na baada ya dai kuwasilishwa, usiongeze kitu.

Lipo na jambo la ulimi, na hili linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Kwetu mtu akijikwaa barabarani utamwambia "pole" hata kama humjui, na hakuna atakayedhani kwamba wewe ndiye uliyeliweka lile jiwe. Kiingereza hakina neno hilo, kwa hiyo tunatafsiri kwa "sorry", ambalo hubeba pole na samahani kwa pamoja. Majimbo mengi yana sheria zinazozuia maneno ya faraja kutumiwa mahakamani kama ushahidi, na Massachusetts ilitangulia mwaka 1986, lakini katika mengi kinga hiyo hufunika huruma peke yake, haifuniki kukiri kosa. Usiache kuwapa pole wafiwa. Nimeona familia zilizokasirishwa zaidi na kukwepwa kuliko na kosa lenyewe, na Chuo Kikuu cha Michigan, kilipoanza mwaka 2001 kueleza makosa waziwazi na kutoa fidia pale kilipokosea, kilipata madai machache zaidi. Ila kabla hujaeleza nini kilikosewa, zungumza kwanza na ofisi ya hospitali inayoshughulikia mambo hayo, na ujue sheria ya jimbo lako.

Barua ikifika, piga simu kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo, kwani kwa bima inayoangalia siku ya dai, kuchelewa kutoa taarifa kunaweza kukupotezea kinga yote. Usilifungue faili la mgonjwa huyo kujikumbusha, maana mstari wa kulifungua nao utaonekana. Usimsimulie mwenzako wa zamu, hata yule unayemwamini, kwa sababu anaweza kuitwa kueleza ulichomwambia. Msubiri wakili utakayepewa na kampuni, na siku ya kwanza kukutana naye mwulize kama kumalizana na mdai kunahitaji ridhaa yako.