Makao ya Wazee Yakijengwa Upya, Waliomo Watarudi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni Mkenya ninayewahudumia wazee katika makao yaliyojengwa miaka ya 1960 hapa Minnesota, Marekani. Wamiliki wametangaza kwamba jengo litavunjwa ili pajengwe kijiji cha kisasa cha wazee. Je, mabadiliko haya yatawafaa hao ninaowahudumia?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Ndugu msomaji, yanaweza kuwafaa sana, ila kabla ya kutazama ramani ya jengo ulizeni ni nani atakayelipia vyumba vipya. Wazee wengi katika makao kama hayo hulipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa kuwagharimia matibabu watu wa kipato kidogo, ambao hulipia malazi na chakula pale penye kibali cha uuguzi, lakini haulipii kodi ya nyumba katika makazi ya wazee yasiyo na kibali hicho. Wamiliki wakikiacha kibali hicho, mzee asiye na akiba huenda asiweze kurudi, hata bustani ikipendeza namna gani.

Hata hivyo, sitetei jengo la zamani. Mengi ya wakati ule yaliigwa kutoka hospitali, hasa baada ya serikali kuu kuanza mwaka 1954 kuyafadhili kwa sheria ya Hill-Burton, iliyogharimia ujenzi wa hospitali, ndiyo maana yana korido ndefu, meza ya wauguzi katikati, na wazee wasiojuana wanaolala chumba kimoja. Kwa ujenzi ulioidhinishwa baada ya Novemba 2016, kanuni zinataka chumba kisizidi watu wawili na kiwe na choo chake. Kwa maoni yangu hata wawili ni wengi, kwani mtu mzima anastahili mlango wake.

Mfano ninaouthamini zaidi ni De Hogeweyk, katika mji wa Weesp, Uholanzi, ambako makao ya kawaida yaligeuzwa kijiji mwaka 2009. Wakazi wake, ambao wote wana maradhi makali ya kusahau, huishi sita au saba katika nyumba moja, chakula hupikwa humo humo, na duka la kijiji liko karibu. Lakini wahudumu walikuwa wameanza kubadili utaratibu wa siku tangu miaka ya 1990, wangali katika jengo la zamani, na hapo ndipo wamiliki wengi hukosea: huajiri msanifu majengo kwanza, wakawakumbuka wahudumu mwishoni. Vivyo hivyo Tupelo, Mississippi, zilikofunguliwa mwaka 2003 nyumba za kwanza za Green House, yaani nyumba ndogo za kuwauguzia wazee wachache wachache, mhudumu anayemwogesha mzee ndiye pia anayempikia, akiwa na mamlaka ya kupanga siku pamoja naye.

Sheria ya Marekani inataka makao ya uuguzi yanayofungwa yatoe taarifa ya maandishi angalau siku 60 kabla, pamoja na mpango wa kuwahamisha wakazi. Ombeni ujenzi ufanyike kwa awamu, kwa sababu kumhamisha mara mbili mzee aliyekwisha kupoteza kumbukumbu humvuruga vibaya, na ombeni ahadi ya kurudi iandikwe kwa jina la kila mkazi kabla ya ukuta wa kwanza kuvunjwa.