Kabla ya Kuandika Kumbukumbu ya Baba Aliyetoka Ng'ambo

Baba yangu alipofariki, ndugu zangu waliniomba niandike kurasa chache za maisha yake ili wajukuu wagawiwe siku ya hitima. Niliimaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja, na nilijiona hodari. Niliandika kwamba alizaliwa Hadhramaut, huko Yemen, akaja Mombasa akiwa kijana, akauza kahawa, akafungua duka, akalea watoto 7 na kujaaliwa wajukuu 23, na kwamba alikuwa mcha Mungu na mpole. Dada yangu aliisoma hadi mwisho, akaniambia kuwa karatasi ile ingeweza kuwa ya Mshihiri yeyote aliyewahi kushika dele la kahawa katika Mji wa Kale.

Alisema kweli, na hata hilo jina la Mshihiri baba alikuwa na la kulisemea. Yeye alikuwa mtu wa bondeni, karibu na Seiyun, na katika bandari ya Shihr, lilikotoka jina hilo, alilala siku chache tu akingoja jahazi. Lakini Mombasa kila aliyetoka upande ule alikuwa Mshihiri, akataka asitake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa yule ambaye mzazi wake yungali hai: usimwambie akuhadithie maisha yake. Mimi nilimwambia hivyo mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba alikuja, akafanya kazi, alhamdulillahi. Mtu aliyeondoka kwao mdogo hakuzoea kuyatazama maisha yake kama hadithi. Muulize juu ya kitu kilicho mbele yake, na ikiwezekana, mwache mjukuu aulize. Baba alikuwa na ada ya kuweka kokwa za tende katika kopo la maziwa ya unga, nasi watu wazima tulikuwa tukilimwaga kwa siri tukidhani ni uzee. Siku moja binti yangu mdogo akamuuliza kokwa zile ni za nini. Akamweleza kwamba kwao husagwa zikapewa mbuzi, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mwaka ule mbuzi haikupata."

Sikuuelewa mwaka ule mpaka nilipotafuta habari zake. Familia nyingi za Hadhramaut zilikuwa zikiishi kwa fedha za jamaa waliohamia Java na Singapore, na Wajapani walipoziteka nchi hizo mwaka 1942 fedha zilikatika, mvua nazo zikakosekana, na njaa iliyofuata iliua maelfu ya watu. Baba hakuwahi kulitamka neno njaa mbele yetu. Alikuwa na kopo lake tu.

Jambo la pili ni tarehe. Kitambulisho chake kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa ambao yeye mwenyewe aliucheka, na ningeunakili huo ningekuwa nimeandika uongo wa karani. Wazee waliosafiri kwa jahazi walihesabu kwa pepo na kwa matukio, na hesabu yao ukiifuata hukufikisha. Yeye alisema alishuka Bandari ya Kale "kaskazi ya pili baada ya vita". Vita viliisha mwaka 1945 na kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, basi alifika baina ya Desemba 1946 na Machi 1947. Duka nalo lilifunguliwa bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ingali ikipepea juu ya Fort Jesus, yaani kabla ya uhuru wa mwaka 1963.

Jambo la tatu linaniuma. Alipokuwa mgonjwa nilisafisha chumba chake, nikatupa sanduku la karatasi zilizoliwa na mende, nikiamini kuwa barua zake zote zimo humo. Nilichosahau ni kwamba barua alizoandika mhamiaji haziko kwake. Ziko kwa wale aliowaandikia. Binamu yangu wa huko Seiyun alizipiga picha barua 11 alizozihifadhi nyanya yetu, akanitumia kwa simu. Tarehe zilikuwa za Kiislamu, na kuzigeuza si kazi kubwa ukiwa na mwezi na mwaka. Katika barua moja ya mwaka 1375, yaani baina ya Agosti 1955 na Agosti 1956, baba alimwambia mamake asiwe na wasiwasi, kwa kuwa sasa ana duka lake na anakaa kivulini.

Nilimsomea mama. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akasema kwamba yeye aliolewa miaka miwili baada ya barua hiyo, na bwana harusi alikuwa bado anazunguka na dele la moto mkononi, akigonganisha vikombe barazani kwa watu, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na makovu ya makaa. Hivyo, muulizeni na mama; yeye anajua kilichofichwa.

Kaka yangu mkubwa hakutaka jambo hilo liandikwe, akiona ni kumwita marehemu mwongo. Nilimheshimu, tukajadiliana kwa siku kadhaa, lakini sikukubali. Sifa za upole zilizokuwa katika karatasi yangu ya kwanza hazikumwonyesha mjukuu yeyote jinsi babu yake alivyompenda mamake; duka lile lisilokuwapo linamwonyesha. Mwishowe tuliinakili barua yenyewe kwa Kiarabu na tafsiri yake, na chini yake tukaweka maneno ya mama.

Mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, alipewa kurasa azisahihishe kabla ya kuchapwa. Alifanya kazi nzuri, ila mahali pamoja alikuwa ameandika "mbuzi hawakupata". Nilichukua kalamu, nikarudisha "haikupata".