Maji moto ya Naivasha kwa bajeti ndogo

Dada, kwa wawili mnaotoka Nairobi na pesa ya kubana mkitafuta mapumziko ya wikendi, nendeni kwenye bwawa la maji moto la Olkaria, Naivasha. Pandeni matatu, kisha mlale kwenye hema kando ya ziwa, Moi South Lake Road. Ni nafuu kuliko hoteli, ila usiku msivuke uzio wa kambi kabisa: viboko hutoka majini kula nyasi. Bwawa la maji moto liko ndani ya mbuga ya Hell's Gate, kwa hiyo tengeni viingilio viwili, cha mbuga kupitia eCitizen (tovuti ya serikali ya kulipia huduma) na cha bwawa lenyewe. Watu wengi husahau hicho cha kwanza. Vueni pete za fedha, salfa huzifanya nyeusi. Jumapili ondokeni mapema, jioni barabara hufurika magari.