Jicho Linajua, Sikio Bado: Maswali Yenu Kuhusu Kusikiliza Kiingereza Mtandaoni

SWALI: Wapendwa wahariri, tuko L2 (mwaka wa pili wa licence) ya jeolojia hapa Lubumbashi. Makala ya Kiingereza tunasoma na kuelewa, lakini tukifungua mazungumzo mtandaoni tunaambulia neno moja moja. Promosheni yetu, yaani darasa letu, imegawanyika. Wengine wanasema mtandao ni bora kwa sababu unarudia unapotaka. Wengine wanasema ni kumaliza mega (data ya simu) bure, hakuna mwalimu wa kukueleza ulichokosa. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Kampemba)

JIBU: Kurudia kunasaidia, ila kwa anayerudia akijua anatafuta nini. Anayesikiliza kipindi kilekile mara kumi huku amelala kitandani ataishia pale alipoanzia, na hapo wenzako wanaolia na mega wana hoja.

Kwanza mjue tatizo linatoka wapi. Aliyesoma kwa Kifaransa akikutana na *mineral*, *analysis* au *development* kwenye karatasi hapati taabu, maana sura za maneno hayo anazijua tangu sekondari. Sikio halikupata msaada huo. Tena sisi tumezoea Kiswahili, ambamo kila irabu inatamkwa wazi na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza mkazo unahamahama, na silabi isiyo na mkazo inafifia au kumezwa kabisa: *mineral* mara nyingi inasikika kama silabi mbili, *comfortable* silabi tatu. Kwa hiyo mtu anasema "wanaongea haraka mno" wakati kilichomshinda ni neno analolijua vizuri kwa macho.

Dawa yake ni imla. Chukua sauti fupi yenye maandishi yake. Kipindi cha 6 Minute English cha BBC Learning English kinafaa: ni kama dakika 6, sauti inapakuliwa peke yake, na maandishi ya mazungumzo yapo. Weka simu kwenye hali ya ndege ili ujumbe usikukatize. Sikiliza mara moja hadi mwisho bila kusimamisha, kisha andika kwa sentensi mbili kinahusu nini. Halafu kata kipande cha sekunde 30 tu. Kisikilize mara nne au tano ukiandika kwa mkono kila neno. Usiposikia, acha kistari na uendelee. Ukimaliza, ndipo ufungue maandishi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Hapo kwenye wino mwekundu ndipo somo lilipo, msipapite mbio. Kila kosa lipe alama: neno nisilolijua kabisa, neno ninalolijua ila sikulitambua, maneno yaliyoungana, mwisho wa neno uliopotea, kama *-ed* au *-s*. Mwenye msingi wa kusoma kama ninyi atakuta makosa mengi yako kwenye alama ya pili na ya tatu. Mfano: *The results should have been sent to us.* Sikio linapata kitu kama "shudabin sent", na mwanafunzi anaandika *should be sent*. Maana imegeuka: aliyeandika hivyo anaamini majibu yatatumwa, kumbe msemaji analalamika kwamba hayakutumwa. Au *can* na *can't*. Wengi wanaitega ile *t* ya mwisho, ambayo mara nyingi haisikiki. Sikilizeni irabu: *can* katikati ya sentensi inakuwa fupi na hafifu, karibu "kn", wakati *can't* inatamkwa kwa nguvu, na kwa Waingereza wengi irabu inavutwa, "kaant".

Baada ya kusahihisha, rudia kipande hicho ukisema pamoja na msemaji, hata kama unamkosa mara mbili tatu. Kesho yake kisikilize bila karatasi. Dakika 20 kila siku zinatosha. Saa tatu za Jumapili zitawachosha tu.

Maandishi yanayopita chini ya video yazimeni, hasa ya Kifaransa, kwa sababu jicho litafanya kazi ya sikio. Kupunguza kasi hadi 0.75 kwa raundi moja si vibaya, mradi urudi kwenye kasi ya kawaida. Ukishuka hadi 0.5 sauti inavutika, na neno lililomezwa linabaki limemezwa.

Kuhusu mega: sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kilobaiti 480 kwa dakika, hivyo dakika 6 hazifiki mega 3. Video ya urefu huohuo inakula mara nyingi zaidi, na picha haitawasaidia kwenye imla.

SWALI: Nina ndugu Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nasikia Kiingereza cha Wazambia kila ninapoenda. Mwenzangu anasema kitaniharibia lafudhi kabla ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Ni kweli? (Dada wa Katuba)

JIBU: Hapana, dada. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Zambia, na kwa sikio la Mlushois (mtu wa Lubumbashi) Kiingereza cha huko ni ngazi nzuri ya kuanzia, kwa kuwa wasemaji wengi wa huko hutamka silabi waziwazi. Ila usikomee hapo. Sehemu ya kusikiliza ya IELTS ina vipande 4 na maswali 40, muda wake kama dakika 30, na lafudhi zinachanganywa: Waingereza, Waaustralia, Wamarekani. Sauti inachezwa mara moja tu. Kwa hiyo wiki za mwisho acha kurudia. Jipime kwa sauti usiyoijua, raundi moja, na angalia tahajia, maana neno lililoandikwa vibaya linahesabiwa kosa.

SWALI: Nafundisha kozi ya Kiingereza, wanafunzi 80, spika moja. Nyuma hawasikii. (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, ukumbi wenye mwangwi unakula kwanza sauti nyembamba kama *s*, *f* na *th*, na hizo ndizo zinazobeba miisho ya maneno. Watumie faili kwa WhatsApp kama dokumenti, usiirekodi upya kwa ujumbe wa sauti, kwani inapoteza ubora. Imla waifanye nyumbani kwa vipokea sauti vya masikioni. Darasani waje na karatasi zenye wino mwekundu, wakae wanne wanne walinganishe makosa, nawe ucheze kwenye spika ile sentensi tu iliyowashinda wengi.