Ubuntu 24.04 au 25.10 kwa kompyuta ya duka la dawa?

Ndugu, nimekuelewa: kompyuta inayotunza hesabu za duka lako la dawa inahitaji kusakiniwa mfumo upya, nawe unasita kati ya matoleo mawili ya mfumo endeshi wa Ubuntu: 24.04, lililotoka Aprili 2024, na 25.10, lililotoka Oktoba 2025. Chagua 24.04. Toleo hilo hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5, ilhali 25.10 limepangiwa miezi 9 tu, na baada ya hapo utalazimika kuhama tena, upende usipende.

Upya nao una gharama yake. Katika 25.10 programu nyingi za msingi ziliondolewa na kuwekwa nyingine zilizoandikwa upya kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust, na muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba kasoro katika amri ya date, inayoshughulikia tarehe na saa, ilizuia baadhi ya kompyuta kutafuta masasisho zenyewe, jambo ambalo mwenye duka asingelitambua kwa urahisi.

Ningebadili shauri endapo tu una kifaa kipya mno ambacho 24.04 haikitambui, hata hapo, jaribu kwanza kerneli mpya (kiini cha mfumo kinachowasiliana na vifaa) zinazotolewa kwa toleo hilohilo.

Kabla ya kufuta chochote, nakili hifadhidata kwenye diski ya nje, kisha uifungue katika kompyuta nyingine, kwani mimi niliwahi kutunza nakala kwa miezi 6 na siku ya shida haikufunguka hata moja. Ikiwa humo mna kumbukumbu za wagonjwa, usijaribu peke yako. Mwite fundi wa mifumo aliyewahi kuhamisha hifadhidata.