Baba anasoma nusu ya mstari, na miwani mipya haimsaidii

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Baba yangu ni mstaafu wa reli, ana miaka 68, tunaishi Tanga. Miezi miwili iliyopita alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto ulilegea, lakini sasa anatembea mwenyewe, anavaa shati mwenyewe mikono yote miwili, ndevu anazipunguza pande zote sawa. Shida imebaki machoni. Anagonga miimo ya milango, daima kushoto. Wali anakula nusu ya sahani, anasema ameshiba. Nikiizungusha sahani anashangaa, anaendelea kula. Tumembadilishia miwani mara mbili, hakuna iliyofaa. Kinachomuumiza zaidi ni Msahafu. Alikuwa akisoma kila siku baada ya Alfajiri, sasa anakwama kila mstari na anaona kama amekasirikiwa na Mungu. Kuna jingine tunaona haya kulisema: jioni huwaona watoto wamekaa kimya mkekani, kushoto kwake, na hakuna mtu. Shangazi anataka apelekwe kwa mganga akapungwe. Na kila siku anadai baiskeli yake. Tufanyeje?
Binti yake, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana. La kwanza, acheni kununua miwani. Miwani hurekebisha mwanga unaoingia jichoni, na kwa ulivyoeleza, kilichoharibika kiko mbali na jicho.

Watu wengi hudhani jicho la kulia huona kulia, la kushoto huona kushoto. Sivyo. Kila jicho huona pande zote mbili. Kisha nyuzi za fahamu hugawana njia: habari zote za upande wa kushoto, kutoka macho yote mawili, huenda ubongo wa kulia mpaka nyuma huko, kisogoni, na huko ndiko tunakoonea. Kiharusi kilicholegeza mkono wa kushoto kiliupiga ubongo wa kulia, na inaelekea kilikata na njia hiyo. Macho ya baba yako yanapokea, lakini nusu ya barua haifiki.

Unaweza kupima mwenyewe hapo nyumbani. Kaa mkabala naye, akutazame puani bila kupepesa huku na huko. Mzibe jicho la kushoto kwa kiganja, kisha chezesha kidole upande wake wa kushoto ukikileta katikati taratibu, aseme akikiona. Rudia ukiwa umeziba la kulia. Ikiwa kwa jicho hili na kwa lile kidole kinapotea upande uleule mmoja, basi umepata jibu. Hata hivyo mpelekeni kliniki ya macho ya hospitali, si duka la miwani, mkaeleze kwamba alipata kiharusi. Mtu wa miaka 68 anaweza kuwa na mtoto wa jicho au presha ya jicho pembeni ya hili, nayo yana tiba yake.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulijua. Nilikaa chumba cha macho miaka 27, na miaka ya mwanzo kipimo changu kilikuwa ubao wa herufi basi. Siku moja aliletwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee, ametoka kwenye kiharusi kama cha baba yako. Akausoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa. Nikamwandikia kwamba macho ni mazima. Alipoinuka akajigonga kwenye kabati la dawa lililokuwa kushoto kwake, nami nikadhani ni haraka zake tu. Wiki tatu baadaye akarudi ameukumbatia Msahafu kifuani na gazeti mfukoni, akanipa somo ambalo sikulipata chuo cha uuguzi. Akasema: "Gazeti limenipotezea mwanzo, Msahafu umenipotezea mwisho."

Fikiria. Maandishi yetu ya Kiswahili huanzia kushoto, kwa hiyo asiyeona kushoto hapati pa kuanzia, anadakia katikati ya mstari. Kiarabu huanzia kulia. Mwanzo anauona vizuri, lakini kila hatua jicho linaingia gizani: neno linalofuata halimo, mwisho wa neno umekatika, na mstari unaonekana umekwisha kabla ya kwisha. Ndiyo maana baba yako anakwama, na hapo hakuna aliyemkasirikia.

Tafuta utepe mwekundu, upana wa kidole. Usiubandike, ulaze tu ukingo wa kushoto wa ukurasa. Kwenye Msahafu, asishuke mstari mwingine mpaka jicho lake liufikie wekundu. Kwenye gazeti, kila mstari auanzie kwenye wekundu. Utepe ni mmoja na upande ni uleule, kazi ndiyo inabadilika. Ongeza na kijiti cha kufuatishia, kama watoto wa chuoni. (Wapo wanaougeuza ukurasa ubavu ili mistari ishuke badala ya kulala, na huwasaidia kweli. Mwalimu wangu yule alikataa katakata.)

Kwenye chakula, badala ya kumzungushia sahani, mwambie atafute ukingo wa kushoto kwa macho na kichwa, kisha ale. Mtawanyie maharage ishirini kwenye ungo, ayaokote akianzia kushoto, kila siku. Mazoezi haya hayarudishi sehemu iliyopotea. Yanalizoeza jicho kwenda kutafuta lisichoona. Sehemu yenyewe, ikirudi, hurudi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo bado mna nafasi.

Umenisaidia uliposema anavaa mikono yote miwili na kupunguza ndevu pande zote. Wapo ambao ubongo wao huusahau kabisa upande mmoja, ndevu zikabaki nusu, mkono wa shati ukaning'inia, na ukiwaambia wanakataa. Hilo ni gumu zaidi, na baba yako haonekani kuwa nalo, ingawa daktari ndiye atakayethibitisha.

Sasa watoto wa mkekani. Msione haya. Ubongo ukinyimwa picha upande mmoja, wakati mwingine hujichorea wenyewe: watoto, maua, wanyama, watu wamevaa vizuri, na kwa kawaida wote kimya. Mwaka 1760 Charles Bonnet wa Uswisi aliandika habari za babu yake aliyekuwa akiona watu na ndege wasiokuwepo, huku akili zake timamu. Yule macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee. Muulize baba kwa upole kama anajua kwamba watoto hao hawapo. Akisema anajua, washeni taa mapema jioni, naye ageuze macho upande huo au apepese mara kadhaa. Mara nyingi huondoka. Wakianza kuzungumza naye, au akichanganyikiwa, au mkono ukianza kutikisika wenyewe, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Shangazi mwambieni kwa adabu kwamba usiku mzima wa ngoma na moshi, na dawa za presha zimesahaulika nyumbani, ndiyo njia ya kuelekea kiharusi cha pili.

Baiskeli, hapana. Najua Tanga bila baiskeli mwanamume anajiona amevuliwa nguo, lakini hapana. Hata kwa miguu, barabara zetu zina mtego wake. Magari hupita kushoto, kwa hiyo ukianza kuvuka, ya kwanza hutoka kulia, na hayo anayaona vizuri kabisa. Utamwamini. Akifika katikati ndipo yanapokuja yale ya kushoto. Anayemsindikiza akae kushoto kwake, kila mara.

Akizidi kudai, mwacheni aisukume mpaka msikitini, baiskeli ikiwa mkono wa kulia na mjukuu mkono wa kushoto.