Niliacha maziwa miezi 14 nikayarudia: jibu kwa aliyeuliza kama yanafupisha maisha

Mkuu, umeuliza kama uache maziwa kabisa, kwa sababu umesoma mahali kwamba wanaokunywa glasi tatu kwa siku hufa mapema, kisha ukasoma kwingine kwamba wanywaji ndio wanaoishi zaidi. Nimewahi kukaa hapo hapo ulipo, nikaamua kuacha. Ngoja nikusimulie.

Nilikuwa na miaka 46 nilipopima damu nikakuta lehemu (kolesteroli) mbaya, ile ya LDL, iko juu. Daktari aliniambia nipunguze mafuta ya wanyama. Mimi nikafuta maziwa, mtindi, jibini na siagi, nyama nikaibakiza (usicheke, niliipenda). Glasi ya asubuhi ikawa juisi ya pakiti. Kipande cha jibini cha jioni kikawa biskuti. Nilipopima tena, lehemu ilikuwa imeshuka kidogo, lakini nimeongezeka kilo nne na mafuta ya trigliseridi kwenye damu yamepanda kuliko mwanzo. Daktari akaniuliza swali moja tu: "Ulipoacha maziwa, mahali pake uliweka nini?"

Swali hilo ndilo vichwa vya habari vinaliruka. Mwaka 2019 jarida la BMJ lilitoa utafiti wa Marekani wenye watu zaidi ya 217,000, wengine wamefuatiliwa hadi miaka 32. Waliokula karanga, jamii ya kunde au nafaka isiyokobolewa badala ya bidhaa za maziwa walikuwa na vifo vichache zaidi. Lakini waliokula bidhaa za maziwa badala ya nyama nyekundu na nyama za kusindikwa nao walikuwa na vifo vichache. Maziwa ni yale yale, kilichobadilika ni unayaweka mizani na nini. Mimi nilikuwa nimebakiza nyama, nikatoa maziwa, nikaongeza sukari. Hata ningetaka kukosea kwa makusudi nisingeweza kupanga vizuri zaidi.

Sasa hizo glasi tatu. Zimetoka Sweden, utafiti wa 2014, wanawake zaidi ya 61,000 na wanaume zaidi ya 45,000. Wanawake waliokunywa glasi tatu au zaidi kwa siku walikufa kwa kasi inayokaribia mara mbili ya waliokunywa chini ya moja, na mifupa yao haikupungua kuvunjika kama ungetarajia. Kwa wanaume tofauti ilikuwa ndogo sana. Watafiti wenyewe walinyooshea kidole galaktosi, sukari inayopatikana laktosi, yaani sukari ya maziwa, ikimeng'enywa, kwa kuwa panya wa maabara wanaopewa galaktosi nyingi huzeeka haraka. Wakati huo huo, waliokula mtindi na jibini kwa wingi walikuwa na vifo vichache. Sehemu hii ya mwisho sijaona mtu akiisambaza.

Watafiti hao pia walionya kwamba huenda kuna mambo mengine nyuma ya namba zile, na mimi naelewa vizuri kwa sababu ya mama yangu. Maisha yake yote hakupenda maziwa. Akiwa na miaka 71 akavunjika nyonga, akaambiwa mifupa imepungua, ndipo akaanza glasi tatu kwa siku kama dawa. Mtu angekuja na dodoso mwaka ule angemwandika: mnywaji mkubwa, mifupa dhaifu, afya mbovu. Karatasi ingesema kweli tupu, na picha ingekuwa ya uongo. Sisemi ndivyo ilivyokuwa Sweden. Nasema ukimfuata mtu kwa dodoso bila kumgawia chakula wewe mwenyewe, huwezi kujua kwa uhakika kipi kilitangulia.

Na usidhani nautetea upande wa maziwa tu. Utafiti wa PURE wa 2018, watu zaidi ya 136,000 katika nchi 21 kwa takriban miaka tisa, uliona waliotumia zaidi ya vipimo viwili vya maziwa au bidhaa zake kwa siku (kipimo ni kama glasi moja ya maziwa) wana vifo pungufu kwa kama asilimia 17 kuliko wasiotumia kabisa. Inapendeza, lakini penye kipato kidogo, mwenye uwezo wa kunywa maziwa kila siku mara nyingi ndiye pia mwenye uwezo wa kwenda hospitali mapema. Watafiti hujitahidi kuliondoa hilo kwa hesabu. Likiisha lote, nitashangaa.

Kuhusu saratani nitasema kwa kifupi: kwa utumbo mpana ushahidi unaelekea kwamba maziwa yanakinga, na kalsiamu inapewa sifa kubwa. Kwa tezi dume kuna dalili za upande wa pili, ila ni dhaifu zaidi. Kama ukoo wenu una historia ya tezi dume, hilo ni la kuzungumza na daktari wako, siyo na sisi humu.

Nilichofanya mimi: siagi imebaki nje. Jibini limerudi, kwa sababu kwenye majaribio ya kulisha watu mafuta ya kiasi kile kile, jibini hupandisha LDL kidogo kuliko siagi. Maelezo mojawapo ni kwamba kalsiamu hushikana na sehemu ya mafuta tumboni ikatoka nayo chooni. Mtindi usio na sukari nakula karibu kila siku. Maziwa yenyewe ni glasi moja, tena siyo kila siku, maana tumbo langu likizidishiwa linanguruma usiku kucha. Wala siyo ajabu, karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawameng'enyi laktosi vizuri. Nyama ndiyo niliyoikata, kunde zikaingia. Vipimo vya mwisho vilitulia, ingawa siwezi kukuapia ni kipi kati ya hivyo vyote kilichofanya kazi.

Wewe hukusema unakunywa kiasi gani, wala ukiacha utaweka nini. Andika hayo mawili tuendelee. Ila kama jibu la pili ni juisi ya pakiti, baki na glasi yako kwanza.